Nusu Bakuli la Maji

Wenzangu mliokula yale mayai mekundu ya kutangaza uzazi jikoni bwenini, kisha mkaenda kunong'ona kwamba Manka amejifungulia milimani kwa siri, haya, leo nawajibu. Sijazaa. Mayai yalikuwa ya mtoto wa watu, na mtoto huyo nusura niwe sababu ya kifo chake, au ndivyo nilivyoambiwa, nami nikaamini. Kila mtu ameniuliza, hadi Wakongo wa ghorofa ya juu, na nimechoka kusimulia vipande vipande kwenye ngazi huku chai inapoa. Naandika mara moja, mpokezane.

Habari za tiketi, vibali na mihuri naziruka. Nani kati yetu hajawahi kulia mbele ya dirisha la ofisi?

Yide Lu: kuaga

Bi Zuhura mnamjua, na asiyemjua ni mama mmoja wa Kariakoo anayekuja Guangzhou kununua vifaa vya shule na midoli, analala kwenye hoteli ya bei poa kule Xiaobei, na mimi ndiye mdomo wake madukani. Siku moja kabla ya safari nilikuwa naye Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla. Nilinunua matunda yaliyokaushwa na karanga za njiani, yeye akinitazama kama mtu anayemtazama kichaa akifunga mzigo.

"Manka, niambie nielewe," akasema. "Mchaga anaacha mlima kwao, anapanda ndege, anakuja Uchina kutafuta mlima?"

"Mama, tangu nimekuja nchi hii sijapanda kitu zaidi ya ngazi za bweni. Nimeota kutu."

"Haya kapande. Lakini kontena langu linafungwa mwisho wa mwezi, na hawa malaoban, wenye maduka, bila wewe watanimaliza. Nikiuliza mzigo uko wapi, huyu meiyou, hakuna, yule meiyou. Usiponirudia kwa wakati, mama usiniite tena."

"Nitarudi mapema kabla hata hujanikumbuka."

"Na usile wala usinywe kwa watu usiowajua!"

Nikacheka. Ule wosia wa mwisho niliuvunja kabla treni haijatoka stesheni, na baadaye nikauvunja kwa namna ambayo hata yeye hakuiwaza.

Kwa treni hadi Shaoguan

Kwenye viti vigumu nilikaa mkabala na mama mmoja mnene na mumewe asiyesema. Kabla hatujatikisika nilikuwa na mguu wa kuku mkononi, ule wa kucha, umechemshwa na pilipili. Nikautafuna. Mama akafurahi, akanipa mwingine, akaniuliza naenda kwa nani.

"Siendi kwa mtu. Naenda kutembea milimani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Mama akamtazama mumewe. Mume, kwa mara ya kwanza, akafungua mdomo, akaniuliza kama wazazi wangu wako hai. Nikasema wapo, wazima. Akaniuliza kama nimefeli mitihani. Nikasema nimefaulu. Mama akavuta pumzi, akaniuliza kwa sauti ya chini, je, ni mwanamume?

Hapo ndipo nilipong'amua. Kwa akili yao, msichana anayekwenda mlimani peke yake bila shughuli na bila ndugu anakwenda kujitupa. Nikaanza kueleza kwamba kwetu watu wanalipa fedha nyingi kupanda mlima kisha wanashuka, wanarudi kwao. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunihurumia. Treni ikasimamishwa kwenye kituo kidogo kupisha mizigo, ikakaa hapo hadi jasho likatuloa sote, na muda wote huo mama yule alinimenyea matunda ya litchi moja baada ya jingine, kana kwamba mtu anayekula hawezi kufa. Shaoguan tuliposhuka alinishika mikono miwili, akasema, "Dada mdogo, maisha ni marefu." Nilicheka peke yangu stesheni nzima. Siku mbili baadaye sikuona cha kuchekesha.

Kwa lori hadi barabara ilipokatika

Basi la kwenda milimani lilikuwa halijulikani linaondoka lini, na mimi kusubiri sijui. Nikapata lifti kwa Chen, dereva wa lori la saruji, mtu mzima mwenye taulo shingoni na nyimbo ambazo hakuzikamilisha hata moja. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Barabara ile imeng'ang'ania ubavu wa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine hamna kitu, mto tu huko chini unanguruma. Kila kona Chen alipiga honi, akaacha kuimba, akapita, akaendelea kuimba. Mimi nilishika mlango kwa mikono yote miwili.

Mchana tukakuta malori yamepangana. Mbele, udongo ulikuwa umeshuka na kuifunika barabara, na miti imelala juu yake mizizi hewani. Madereva walikuwa wamekwisha kuwasha majiko, wanachemsha tambi, wanacheza karata. Nikamuuliza Chen tutakaa hapo hadi lini.

"Labda kesho. Labda keshokutwa. Kula kwanza."

Nikala. Kisha nikauliza kama kuna njia ya miguu. Wakanionyesha: ngazi za mawe zinapanda kwenye mianzi, zinavuka mgongo wa mlima, zinashukia kijiji cha upande wa pili. Chen akatikisa kichwa.

"Mvua hii, udongo umelewa. Usiende peke yako."

Mimi mtoto wa Machame, niliyezaliwa kwenye mteremko, nikaambiwa habari za udongo na dereva wa saruji! Nikabeba begi langu nikapanda. Kiburi hiki nimekirithi kwa bibi yangu, na yeye hakuwahi kukijutia, labda kwa kuwa hakuwahi kutoka Machame.

Kwa miguu

Mwanzo palikuwa pazuri, siwezi kusema uongo. Harufu ya udongo mbichi na majani yaliyooza ilinirudisha kwetu moja kwa moja, nikaimba kwa sauti kwa kuwa hakuna wa kunishangaa. Karibu na kilele nikakuta chemchemi. Mtu alikuwa amechomeka mwanzi kwenye jiwe na maji yakitiririka safi, na ukisimama pale unaiona barabara chini kabisa na malori madogo kama midoli ya Yide Lu. Nikanywa, nikanawa uso.

Mbele ya chemchemi njia ilikuwa imekatwa na mporomoko mwingine, mdogo kuliko ule wa barabarani, ila mtelezo wake ulikuwa unaishia pasipoonekana. Nilipita ubavu ubavu, vidole nimevizamisha kwenye matope. Nikafika ng'ambo. Sikuimba tena. Mvua ikaongezeka, nikashuka nikiteleza hadi nikaziona nyumba chache za udongo zimetazama bonde, na ya kwanza ilikuwa imefungwa matawi mabichi juu ya mlango.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa lote liko hapa. Kwetu, nyumba iliyopambwa majani mlangoni inamwambia nini mpita njia? Karibu! Kuna harusi, kuna ubarikio, kuna pombe ya mbege, ingia ule. Nikajiambia Mungu hamtupi mja wake. Nikapiga hodi, kwa Kiswahili, mdomo una mazoea yake. Kimya. Nikapiga tena. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, na ndani naona moto. Nikaingia, nikachuchumaa jikoni, nikaona birika na bakuli, nikajimiminia maji ya moto, nikanywa.

Nyumba yenye majani

Bibi mmoja mfupi akaingia kwa mlango wa nyuma na kapu la mboga. Akaniona. Kapu likaanguka. Alipiga ukelele ambao bado nausikia, akaninyang'anya bakuli, akaanza kusema kwa lugha ya huko ambayo sijui hata salamu yake.

Nyuma ya pazia la maua sauti ya mwanamke kijana ikauliza kwa Kichina tunachosoma sisi, "Wewe ni nani?"

Nikajieleza, mwanafunzi, mvua, barabara. Sauti ikasema, "Nimejifungua juzi. Yale matawi yanakataza mgeni kuingia mpaka yaondolewe. Kila mtu anajua."

"Sikujua. Mwombe bibi radhi."

Wakasemezana. "Anasema hata mbwa anajua."

Bibi akaongeza maneno.

"Anasema umeingia na umekunywa. Umechukua maziwa ya kifuani mwangu."

"Sijachukua kitu! Sijaenda popote, nipo hapa!"

"Ndiyo," ile sauti ikasema kwa uchovu. "Anasema utabaki hapo hapo."

Huyo ndiye Amei. Alikuwa amefanya kazi kiwandani huku kusini, upande wetu wa Guangzhou, ndiko alikojifunza lugha, na mumewe bado yuko huko huko. Bibi ni mkwewe. Tumwite Apo kama alivyomwita yeye. Kwa hiyo mkalimani wangu alikuwa ndiye mgonjwa mwenyewe, na vitisho vyote vya juu ya maziwa yake nilivipata kutoka kinywani mwake.

Apo akanivua viatu, akavifungia pamoja na begi langu ndani ya sanduku la mbao, akakalia sanduku. Uani wakaja majirani, wanaume wenye majembe, wakasimama mvuani, wakaziba njia. Hawakunitukana wala kunigusa. Nilitamani wangenitukana, nijue wanataka nini. Zahanati iko chini barabarani, ng'ambo ya udongo ulioanguka. Mtu wa kunitafuta hayupo: Chen anajua nimevuka, Bi Zuhura anajua natembea, nyinyi mnajua napenda kuchelewa.

Mtoto alikuwa amenyonya kidogo asubuhi ile. Tangu niingie, kila akiwekwa kifuani alivuta, akaachia, akalia. Apo alimdondoshea maji ya wali kwa kijiko. Sikuamini mambo ya kuchukua maziwa, mimi mtu wa sayansi, Mlutheri tena. Lakini kulipokucha kilio kile kilikuwa kimepungua, kimekuwa chembamba kama bawaba kavu ya mlango, na sayansi yote ilinitoka. Niliogopa sana. Sikuogopa wale wenye majembe tena, niliogopa kunyamaza kwa kile kichanga.

Karibu na banda la nguruwe paliota mmea wenye majani marefu. Sijui kama ni isale lenyewe au binamu yake. Nyinyi wa pwani hamjui: Uchagani ukimkosea mtu kosa kubwa, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Anayepewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama umemwaga damu. Nikatoka miguu mitupu, nikachuma, nikafunga fundo, nikapiga magoti mbele ya Apo, nikamweleza Amei maana yake yote, naye akamtafsiria.

Apo akalipokea. Akaligeuza huku na huku. Akatoka nalo nje, akampa nguruwe.

Nilikasirika, wenzangu, msiulize. Nilimtukana kwa Kichaga matusi ambayo mama yangu angenipigia. Apo alinisikiliza hadi nikamaliza, akaniuliza swali moja, Amei akalileta: "Kabla hujaingia humu, mara ya mwisho ulikunywa wapi?"

"Kwenye chemchemi, juu."

Basi akanieleza. Maziwa yanarudi kwa njia yaliyoondokea. Niende nikateke maji pale nilipokunywa, kwa bakuli lile lile, nirudi bila kuliweka chini, niingie kwa mlango ule ule, Amei ayanywe. Sijui kama ni desturi ya milima yote ile au ya Apo tu.

"Nani atanisindikiza?" nikauliza.

Amei akamuuliza Apo. "Hakuna. Ukilazimishwa hayafai."

Apo akainuka kwenye sanduku. Akatoa viatu vyangu, akatoa begi langu zima, akaviweka kizingitini. Akanipa bakuli, akanigeuzia mgongo. Uani wale wanaume wakapisha njia.

Kurudi kwenye chemchemi

Mvua ilikuwa imekatika na mlima wote unatoa mvuke. Begi nilikuwa nalo mgongoni, nami kichwani nilikuwa nimekwisha kuondoka. Nitakuwa mwehu kiasi gani nirudi kwenye nyumba ile? Nikaufikia mtelezo, ukawa umepanuka. Kipande nilichokanyaga jana hakikuwepo. Nikavuka kwa tumbo, bakuli nimeling'ata kwa meno.

Chemchemini nikatazama chini. Malori yalikuwa yanageuza! Barabara mbele ilikuwa bado imezibwa, ila njia ya kurudi Shaoguan iko wazi, na waliochoka kusubiri walikuwa wanaondoka. Nikaliona la Chen kwa turubai lake la kijani. Nikapiga kelele, nikapunga. Akatoka, akajikinga macho, akaniona. Akapiga honi ndefu, akaashiria kwa taulo: shuka, nakusubiri!

Ngazi za kushukia zilikuwa salama. Kesho yake ningekuwa Xiaobei nakunywa chai ya Bi Zuhura, na kontena lingefungwa kwa wakati. Nilisimama na bakuli tupu, na nawaambia ukweli, mguu mmoja ulikwisha kushuka ngazi ya kwanza. Kilichonirudisha ni ule mgongo wa Apo. Angeweza kulifunga sanduku. Badala yake alinipa kila kitu changu na hakutazama nyuma kuona naelekea wapi.

Nikapiga kelele, "Mtoto! Daktari! Lete daktari!" nikionyesha ng'ambo, nikipakata hewa mikononi, hadi Chen akapunga taulo juu ya kichwa. Sikujua kama ameelewa. Nikakinga maji, bakuli likajaa, nikageuka.

Safari ile sikuweza kuling'ata. Mkono mmoja bakuli, mkono mmoja matope. Katikati ya mtelezo udongo uliondoka chini ya goti langu, nikaenda nao. Nilishika mzizi. Mawe yalipita karibu yangu yakaendelea na safari yao, nikayasikia yakigonga chini kabisa, nami nimening'inia, nalia, nimeinua bakuli juu kama mhudumu wa hoteli. Nilipofika ng'ambo nikachungulia. Nusu ilikuwa imemwagika.

Nililia njia nzima ya kushuka. Nilikuwa na hakika nimemuua yule mtoto kwa nusu bakuli.

Apo alikuwa bado amesimama kizingitini, sura ameigeuzia ndani. Aliposikia hatua zangu mabega yake yalishuka. Akachungulia bakuli, akasema neno.

"Anasema nusu inatosha," Amei akaita kutoka ndani. "Mtoto mwenyewe ni mdogo."

Apo akanishika kiwiko, akaniingiza. Maji yakachemshwa na tangawizi na mvinyo wa wali, Amei akanywa hadi tone la mwisho. Kisha Apo akanikalisha pale pale jikoni nilipokosea, akanipa bakuli la kuku, akakaa kando yangu. Tukasubiri.

Kilio kilikatika ghafla. Niliinuka, Apo akanivuta nikae. Nikasikiliza. Nyuma ya pazia mtu mdogo alikuwa anameza.

Kesho yake mganga wa zahanati akaja kwa miguu, matope hadi magotini. Chen alikuwa ameelewa. Akakuta mtoto ameshiba amelala, na yeye mwenyewe hakuingia mpaka Apo alipompa ruhusa, alinywea chai nje kama mtu mwenye akili. Mwenzetu anayesoma udaktari ameniambia maziwa ya mzazi wa mara ya kwanza huchelewa siku mbili tatu na yangekuja tu. Sibishani naye. Yeye hakukisikia kile kilio.

Guangzhou

Nilitoka na yule mganga, kwa njia nyingine ndefu. Apo alinipa kikapu cha mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, yamefunikwa kwa kitambaa. Amei akaeleza kwamba ndugu wa upande wa mama ndio wanaopelekewa mayai hayo na kuyagawa, na ndugu zake yeye wako mbali mno; basi nipeleke mimi. Nilishukuru kwa adabu, lakini niwe mkweli, niliondoka na kinyongo. Kufungiwa viatu, kukaliwa begi, jani langu kupewa nguruwe! Treni nzima nilikuwa natunga maneno ya kuwasimulia mumchukie yule bibi pamoja nami.

Bi Zuhura nilimkuta Xiaobei, kontena lilikwisha kufungwa. Alikuwa amepatana na malaoban kwa kikokotoo na vidole.

"Shikamoo, mama."

"Mama yako yuko Machame," akajibu. Akanitazama mikwaruzo ya mikono na uso. "Marahaba. Umekula?"

Nikamsimulia yote huku namtukana Apo. Alisikiliza akimenya yai lile jekundu, vidole vikapata rangi. "Kwa hiyo alikwambia nenda, na begi lako mgongoni?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Na mjukuu anakata roho ndani?" Ndiyo. Akachukua yai la pili.

Bwenini nikayamimina jikoni, mkayamaliza, mengine mnayajua. Kikapu nikakirudisha chumbani nikipange. Chini kabisa, palipokuwa na mayai ya mwisho, palikuwa na jani refu la kijani, bado bichi, limefungwa fundo kama nililofunga mimi, ila kwa mikono isiyolizoea, limefungwa mara mbili lisije likafunguka njiani.

Nililishika kwa mikono miwili, kama inavyopasa, nikasema kwa sauti, kwa Kichaga, kwamba yamekwisha.